Kupima Kidonda cha Kaka

Pale kliniki walimwita Bi Miraba, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kila Jumatatu asubuhi alilaza karatasi angavu ya plastiki juu ya kidonda cha mgonjwa, akafuata ukingo wake kwa kalamu ya wino mweusi, kisha akaipeleka mezani, akaiweka juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu. Mraba uliomezwa na mstari zaidi ya nusu ulihesabiwa. Usiofika nusu uliachwa. Miaka kumi na tisa ya uuguzi ilikuwa imempa mkono usiotetemeka, na Daktari aliyeongoza utafiti hakuchoka kusema mbele za watu, "Mimi macho yangu si ya kuaminiwa. Aminini mkono wa Bi Miraba."

Utafiti wenyewe ulihusu miguu ambayo damu imekataa kuifikia: miguu ya watu wa sukari, watu wa sigara, watu ambao mishipa yao imeziba kama bomba la zamani. Mguu uliingizwa kwenye mfuko wa plastiki, mdomo wa mfuko ukafungwa kwa utepe mpana chini ya goti, kisha gesi ikapitishwa kwa mpira kwa dakika ishirini. Nusu ya wagonjwa walipata oksijeni tupu. Nusu walipata oksijeni iliyochanganywa na ozoni, ile gesi inayonuka kama cheche za umeme. Harufu kidogo iliyoponyoka ilizagaa chumba kizima, kwa hiyo pua haikumsaidia mtu kujua amepewa ipi. Aliyejua ni fundi mitambo nyuma ya pazia, naye alikuwa mgumu kama kufuli.

"Sasa hii kitu inaponya au haiponyi?" wagonjwa walimuuliza Daktari.

"Ningejua, ningekuwa nyumbani nimelala," alijibu. "Tunapima kwa sababu hatujui."

Palikuwa na sheria moja ambayo Bi Miraba mwenyewe aliwafundisha wauguzi wapya. Kidonda kikiongezeka kwa robo ya ukubwa wake wa mwanzo, mgonjwa anatolewa, anapelekwa kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Hakuna kubembelezana. Na ile ngozi nyeusi iliyokufa pembeni nayo ni kidonda, inaingia ndani ya mstari.

Nambari kumi na saba alikuwa kaka yake, na kliniki nzima hakuna aliyelijua hilo.

Kaka alikuwa fundi vigae. Sakafu za nusu ya majengo ya mji ule alizitandika yeye, akitambaa kinyumenyume kwa magoti tangu ana miaka kumi na sita, mwaka aliofariki baba yao na yeye akaacha shule ili mdogo wake asiache. Magoti yake yalikuwa na sugu ngumu kama kisigino. "Wenzangu wanafanya kazi kwa akili," alipenda kusema, "mimi mshahara wangu uko hapa," na kuyapiga makofi. Kidonda kilipomtokea juu ya kifundo cha mguu na kukataa kupona, mpasuaji alimwambia kweli: tukate sasa, chini ya goti, goti utabaki nalo, utavaa mguu wa bandia na kazi yako utaifanya.

"Nimekuja na miguu miwili, nitaondoka na miwili," Kaka alimjibu. "Mimi si meza ya kukatwa miguu."

Ndipo Bi Miraba alipomwingiza kwenye utafiti. Kwenye fomu palikuwa na swali kama mgonjwa ana ndugu kliniki hapo. Waliandika hapana. Lilikuwa jambo dogo, au waliliona hivyo.

Kidonda chake kilianza na miraba ishirini na nne. Wiki ya nne, Daktari alipokikagua mwenyewe, kilikuwa ishirini na nane. Kwa ile sheria ya robo, mwisho wake ulikuwa thelathini, na Bi Miraba alianza kuamka Jumatatu roho ikiwa mkononi.

Wiki ya tano alihesabu thelathini na moja. Akarudia. Thelathini na moja.

"Ngapi?" Kaka aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa ameegemea kiwiko, anamtazama usoni kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Bi Miraba aliitazama tena ile karatasi. Upande wa chini palikuwa na kipande cha ngozi nyeusi, kikavu, kimenyooka. Hiki si kidonda hasa, alijiambia. Hakitoi usaha, hakitoi damu. Akachukua karatasi mpya, akarudi kitandani, akachora upya akikiacha kile cheusi nje.

"Ishirini na tisa," alisema.

"Aa! Si nilikwambia?" Kaka alicheka mpaka kitanda kikalia. "Mwambie yule mpasuaji wako akatafute mbao."

Ile karatasi ya kwanza aliikunja, akaitia mfukoni.

Baada ya hapo uongo haukuhitaji nguvu. Weusi ulikuwa unatambaa kuingia ndani, ukila nyama nyekundu, na kwa kuwa yeye sasa alichora nyekundu peke yake, kadiri mguu ulivyokufa ndivyo namba ilivyoshuka. Wiki ya sita ishirini na saba. Wiki ya saba ishirini na nne. Hakulazimika kubuni hata mraba mmoja. Mkono wake ulichora barabara kile ulichochagua kukiona, na nyumbani alikaa jikoni sufuria ikiungua mbele ya macho yake.

Daktari alifurahi waziwazi. "Kumi na saba anafunga!" alitangaza kwenye korido. Wagonjwa kwenye benchi walimsikia. Mwalimu mstaafu, nambari ishirini na tatu, ambaye kidonda chake kilikuwa kimevuka robo na alikuwa amepangiwa kupasuliwa Ijumaa, alimshika Bi Miraba mkono.

"Mwanangu, na mimi niongezeeni wiki mbili. Kama yule fundi anapona, kwa nini mimi nisipone?"

"Sheria hairuhusu, Mwalimu."

"Basi Ijumaa siji. Mtanikata kwa simu?"

Watu kwenye benchi walicheka. Bi Miraba alijikaza, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Alhamisi ya wiki ile ile wifi yake alimfuata kliniki. Alikuja na kandambili, kanga ameifunga ovyo, na hakusalimia.

"Wifi, ule mguu unanuka."

"Dawa ile wifi, ile gesi ndiyo..."

"Usinichezee akili. Mimi ndiye ninayemfunga bendeji. Unanuka kama kitu kilichofia darini. Siku ya pili hii anatetemeka kwa homa, na mstari mwekundu umempanda hapa," alijichora kwa kidole toka kifundo hadi chini ya goti. "Nikimwambia twende hospitali ananipigia kelele. 'Ishirini na nne! Umesoma kuliko dada yangu wewe?' Sasa wewe uliyesoma niambie. Hiyo ishirini na nne iko wapi?"

Bi Miraba alimwambia tu akamlete, kwa gari lolote, sasa hivi. Kisha akabisha mlango wa Daktari.

"Daktari, kumi na saba ni kaka yangu."

Daktari alikuwa anaandika. "Kumi na saba anayefunga?"

"Hafungi." Alitoa ile karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani. "Wiki ya tano ilikuwa thelathini na moja. Niliacha weusi nje. Wiki ya tano, ya sita na ya saba."

Daktari alivuta faili, akatoa karatasi zote za kumi na saba, akazipanga moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani.

"Na wengine?"

"Wengine ni kweli. Nakuapia, Daktari."

"Unaniapia." Alizirudisha mezani taratibu. "Wagonjwa arobaini na mbili, Bi Miraba. Wote ni mkono wako. Watu wakiniuliza ozoni inasaidia au haisaidii, niwajibu nini? Niwaambie niliapiwa?" Alivua miwani, akajifuta macho, na sauti ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Mwalimu amekataa kuja kesho kwa ajili ya kumi na saba. Mpigie. Mwambie mwenyewe, halafu uniachie funguo."

Alipiga. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akakata.

Kaka alipofikishwa, mpasuaji alibonyeza shavu la mguu kwa vidole viwili, akapanda polepole, akafika gotini, na bado akaendelea kupanda.

"Juu ya goti," alisema. "Leo hii. Wiki mbili tatu nyuma ningekuachia goti. Sasa nikiliacha linakuua." Akaacha fomu ya ridhaa kitandani, akaenda kunawa mikono.

Kaka alitazama dari. Midomo ilikuwa imekauka kwa homa, lakini akili ilikuwa timamu.

"Wiki mbili tatu nyuma," alimwambia Bi Miraba aliyekuwa kando ya kitanda. "Si ndiyo ile ya ishirini na tisa?"

"Ilikuwa thelathini na moja."

Alimgeukia. Bi Miraba alimweleza yote, amesimama, mikono imening'inia.

"Nilikuonea huruma, kaka."

"Ungeniambia thelathini na moja ningekubali. Ningelia, lakini ningekubali."

"Usingekubali. Mara ya kwanza ulikataa."

"Basi ningekataa mimi," alisema Kaka. "Mimi, na goti langu."

Bi Miraba alinyoosha mkono kuchukua fomu amsomee, kama alivyomsomea kila karatasi tangu Kaka alipoacha shule. Kaka aliiwekea kiganja juu.

"Niitie mke wangu."

Wifi aliingia, Bi Miraba akabaki kwenye korido, mlango haukufungwa vizuri. Wifi hakuwa msomaji. Alisikika akikokota herufi, akikwama, akirudi nyuma.

"Soma yote," Kaka alimwambia. "Usiruke hata neno. Hata ukiona baya, soma."

"Mimi... niliyetia... sahihi hapa chini... nakubali kukatwa... mguu wa kushoto..."

"Endelea."

"...juu ya goti."

"Soma tena hapo," alisema Kaka, na wifi akasoma tena.