Uso Aliouota Wafula

Mwanangu, nimeitazama michoro yako, ile ya mambo unayoyaota, nikafurahi. Mimi mwenyewe nilichora ndoto mara moja tu, tena ya mtu mwingine, na mpaka leo nikiikumbuka natabasamu. Keti, chai bado ni moto.

Nilikuwa msichana wakati huo, kazi yangu kuandika mabango ya maduka pale Kitale na kuchora vichwa kwenye mbao za vinyozi. Asubuhi moja Wafula akaingia kibandani kwangu. Alikuwa seremala, kijana mpole, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga, mama naye akafuata, na shangazi yake ndiye aliyemlea mjini. Picha ya baba haikuwepo hata moja.

"Lakini mimi humwona," akaniambia. "Ananijia kwa ndoto tangu nikiwa mdogo. Nataka unichoree yeye, dada, nimweke sebuleni. Sitaki kuoa kama mtu asiye na baba."

"Yuko namna gani?"

"Ameangalia mbele. Halafu anageuka kidogo, anacheka hivi, kwa upande."

Basi kila jioni akishafunga kazi alikuja kuketi karibu nami, mimi nachora, yeye anasahihisha. Shavu lijae. Sikio liwe dogo. Ukope mmoja umelegea. Nilitaka kumgeuza yule mtu atutazame, maana picha za sebuleni ndivyo zilivyokuwa, lakini Wafula akakataa katakata. "Hivyo sijawahi kumwona." Nikamwacha amegeuka, bega lake likijaza nusu ya ubao. Picha ilipokamilika, Wafula alisimama mbele yake akalia bila aibu. Nami, mwanangu, niliamini kabisa kwamba brashi yangu imemrudisha baba wa watu nyumbani.

Tukaipeleka Malakisi kwa nyanya yake, aliyemzaa huyo baba, ili aione kabla ya harusi. Tulimkuta uani akitunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Akanawa mikono, akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu si mtoto wangu," akasema.

Wafula hakujua pa kuweka mikono yake. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa sauti ya juu. "Lakini nyanya, amemwota tangu utotoni!"

"Ameota, sikatai. Lakini mimi nilizaa." Akanikazia macho. "Unachora vizuri, msichana. Shida ni kwamba mlikuwa wawili huko Kitale, mmoja anaota, mwingine anaitikia tu. Si mngekuja kuuliza kwanza?"

Yeye akamgeukia mjukuu wake, na sauti ikalainika.

"Huyu ni Simiyu, ndugu ya mama yako. Mama yako alipolazwa hospitali ya Lugulu, baba yako ameshakufa, ni yeye alikubeba. Mgongoni! Mwanamume mzima, kitambaa amefunga kifuani kama mama. Watu sokoni walimcheka mpaka wakachoka. Ndiyo maana unamwona kwa bega. Ukilia alikuwa anageuka hivi, anakuchekea."

"Yuko wapi sasa?"

"Kimilili, nasikia bado analima. Tulipokuchukua, hakuna mtu wetu alirudi kumwambia asante. Hiyo ni aibu yetu, si yako."

Wafula akauliza polepole, "Na baba yangu je?"

Nyanya akamvuta karibu, akapitisha kidole kwenye paji la uso wake, akakishusha mpaka puani. "Ni huyu hapa. Si ujitazame, bana."

Kesho yake tukaenda Kimilili. Simiyu tulimkuta akipalilia vitunguu, kichwa kimejaa mvi, ukope ule ule umelegea. Wafula akamwonyesha picha. Mzee akaitazama picha, akamtazama kijana.

"Ati nani huyu amenirudisha ujana?" Kisha akatupa jembe, akamkumbatia kwa nguvu, akijaribu kumwinua kutoka ardhini. Akashindwa. "Umekuwa mzito," akasema huku machozi yakimtoka. "Sikuwezi tena."

Siku ya harusi Simiyu alikaa kwenye kiti cha baba. Picha ilitundikwa sebuleni kama Wafula alivyotaka, na chini yake niliandika jina la mjomba kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache kuchora ndoto zako. Chora. Ndoto ya Wafula haikumdanganya, ilimwonyesha mtu aliyempenda kweli. Jina la baba ndilo alilompa yeye mwenyewe. Ila ukishachora, usijifungie ndani na picha yako ukaipa maana peke yako. Ipeleke kwa waliokuwa macho wakati wewe umelala, waliokujua kabla hujajijua. Wakikuambia sivyo ulivyodhani, usiudhike. Keti usikilize mpaka mwisho, maana Wafula alitafuta picha ya marehemu akapata mtu hai.

Mungu akujalie usingizi mwema na ndoto za kupendeza, na kila unapoamka ukute watu wako wapo. Amina.