Lita Moja ya Baba

Moyo wa baba ulipochoka, daktari alisema asinywe zaidi ya lita moja kwa siku, la sivyo maji yangepanda kifuani na pumzi ingemwishia. Niliigawa ile lita palepale: mililita elfu moja, bilauri nne za mililita mia mbili na hamsini. Nikawa nazipima mwenyewe, maana kwa jambo la namna hiyo simwamini mtu.

Juma la pili miguu ilianza kuvimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nikasema hapa kuna mtu anampa maji kwa siri. Kwetu Mfaranyaki wageni hawakatiki, na anayetoka kijijini Maposeni haji bila kinywaji cha togwa, kwa hiyo nilikuwa natoa shikamoo huku macho yakiwa kwenye kikapu. Shangazi alipomletea soda ya mililita mia tatu na hamsini, niliichukua mkononi mwake mbele ya watu. Alininunia, nami sikujali.

Kisha nikamshuku mama. Kila baada ya chakula alibeba jagi la maji kwenda nyuma ya jikoni, akarudi nalo tupu. Mchana mmoja nikamfuata kwa kunyata. Nilimkuta ameinama karibu na kuni, anakunywa mwenyewe, haraka haraka, kanga imelowa kifuani.

“Mama, unafanya nini?”

“Nakunywa maji, mwanangu. Nitakunywaje mbele yake, na yeye anapimiwa?”

Niliona aibu hadi nikakosa pa kutazama. Lakini shaka haikuniisha.

“Sasa maji ya miguuni yanatoka wapi?”

“Mimi nampa uji tu. Kwani uji si chakula?”

Hata mimi nilikuwa nauhesabu kuwa chakula. Tulijaza maji kikombe chake cha uji, tukayamimina kwenye jagi la vipimo: mililita mia nne. Asubuhi na jioni, mia nane. Ukijumlisha na bilauri zangu nne, alikuwa anakaribia lita mbili.

Nikaenda kumwambia baba kwamba uji na maji vyote vitatoka kwenye lita ileile. Nilijua atagomba.

“Punguzeni mnavyotaka,” alisema. “Ila mama yako anywee hapa hapa, nimwone. Kila siku namsikia anavyogugumia kule nyuma ya jikoni, na hapo ndipo kiu inaponizidi.”