Shikamoo Kabla ya Rungu

Silaha niliyoipenda kuliko zote katika mchezo ule wa kompyuta ilikuwa rungu. Wenzangu walichagua bunduki za kila aina, mimi nikimkimbilia adui na gongo lenye baruti kichwani. Ukimgonga mtu nalo linalipuka: yeye anakufa, na wewe mara nyingi unamfuata. Ukibahatika kubaki hai, unabaki na kijiti kisichoua hata kuku. Kaka yangu alisema aliyelibuni alinifikiria mimi.

Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo wenyewe, timu nyekundu dhidi ya timu ya buluu, kila mtu na kompyuta yake. Mimi nilikuwa Changamwe ninakoishi na mama, yeye chumbani kwake Kisauni, kabla hajaingia zamu jikoni kwenye hoteli moja huko Shanzu. Tulipenda kuwa timu tofauti. Na kwa kuwa ni mkubwa wangu, nikimkuta uwanjani humwandikia shikamoo kwanza. Kwetu humpiti mkubwa wako kimya, hata kama umekwenda kumuua. Naye, mpishi mzima anayekata vitunguu bila kuangalia kisu, kwenye kibodi ana kidole kimoja tu. Alikuwa akisimama katikati ya risasi kuandika marahaba, herufi baada ya herufi, na hapo ndipo nilipomgonga. Kila mara aliapa kwamba hatajibu tena, na kila mara alijibu.

"Salamu haiachwi," alikuwa akiniambia. "Dhambi ni yako."

Mwaka jana mama akalazwa. Kazi zilimbana kaka, akaja kumwona mara moja tu. Mama aliporudi nyumbani, wajomba walikuja kumjulia hali, na mbele yao kaka akasema afadhali mama ahamie kwake Kisauni, apumzike. Nikawaka. Nikamwambia kwamba mama alipokuwa akihangaika na pumzi hospitalini, yeye alikuwa akiwakaangia wageni mayai. Mjomba mkubwa akainamisha kichwa. Kaka alivaa viatu vyake akatoka. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki.

Miezi minne hakukanyaga kwetu. Kila Jumapili mama alimpakulia wali wake, akamngoja, kisha akaifunika sahani. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Simu nilikuwa nayo mkononi, lakini niliona haya kupiga. Kiburi pia kilikuwepo, nisidanganye.

Jumamosi moja mchana nikafungua mchezo, nikaliona jina lake kwenye timu ya buluu. Nilimtafuta mpaka nikamkuta nyuma ya ghala, amenipa mgongo. Nikainua rungu, kisha mkono ukagoma. Nikaandika: "Shikamoo kaka."

Akageuka, akanielekezea bunduki. Nilijua anachofikiria, maana salamu yangu ilikuwa imemuua mara nyingi mno. Ningekuwa yeye, ningefyatua. Wenzetu walipita mbio huku na huku wakiuana, sisi tukasimama pale tukitazamana. Nikaanza kuamini kwamba safari hii ameiacha salamu kweli. Machozi yalinilenga, mtu mzima mimi, mbele ya mchezo.

Kisha neno likatokea: "Marahaba."

Nikaandika haraka, kabla kiburi hakijarudi: "Nisamehe. Nilikuvunjia heshima mbele ya wajomba."

Nikangoja kile kidole kimoja. Kilichukua muda wake.

"Hata mimi nilikosa. Nilipaswa kuja kumuuguza mama. Sasa mbona hugongi?"

Nikagonga. Tukafa wote wawili, na tulipokuwa tunangoja kurudishwa uwanjani akaandika tena, polepole kama kawaida yake:

"Mwambie mama kesho asifunike sahani."