Gari ya arobaini na moja

Leo mujomba ameniomba ninyamaze. Nimekataa, na sasa mubaya ni mi.

Mi ni fundi wa magari, Cibitoke. Mafundi tuko na kundi letu mu WhatsApp: mutu akiletewa ile aina mpya ya gari ya umeme, anatuma numero ya shasi na ugonjwa wake. Ndivyo tulivyojua kwamba zile gari mia za kwanza kutoka kiwandani, batri zao zinakufa mapema.

Asubuhi nikasoma numero ya gari ya mujomba, pale chini ya kioo cha mbele. Ni ya arobaini na moja.

Nikamwambia polepole, nikidhani itamuuma.

"Mujomba, walikuuzia gari yenye batri mbaya."

"Najua," akasema. "Usiitume mu kundi. Kesho namuuzia Zuhura."

Zuhura ni mama yangu mudogo. Ni dada yake wa tumbo moja.

"Mujomba, huyo ni dada yako."

"Ndiyo maana hataniuliza kitu."

Nikampigia mama mudogo, nikamweleza yote. Akasema, "We unataka kuniachanisha na kaka yangu juu ya numero?"

Kesho anaenda kuichukua.

Mungekuwa mi, mungefanya nini?