Firigisi za Semina ya Kibimba

Barua ilisomwa kanisani kwetu Nyakahura, baada ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Kule Kibimba, wilayani Ngara, kungekuwa na semina ya thamani ya mwanamke mbele za Mungu. Kila mwanamke ahudhurie kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukosa. Saini ilikuwa ya mzee wa kanisa wa huko, Filipo. Wanawake wenzangu wakanituma mimi, katibu wao, nikawasikilizie. Wanenaji walikuwa watatu, wote wanaume. Nilicheka, maana ni sawa na fisi kuitisha mkutano wa afya ya mbuzi.

Ijumaa asubuhi nilipata gari hadi Kasulo, katikati ya malori yanayokwenda mpakani. Hapo nikachukua bodaboda. Dereva akauliza, "Mama, hiyo semina wanagawa nini?"

"Thamani," nikamjibu.

"Haya. Mkigawiwa mtuambie."

Alasiri nilifika kwa mwenyeji wangu, Mama Adela, mjane mwenye mabinti watatu na asiye na mtoto wa kiume. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Nishikie huyu kuku," akajibu. Kabla sijanywa maji alinipeleka shambani kwake. Miti ya mpaka ilikuwa imeng'olewa, mashimo yake bado mabichi. Aliyeing'oa ni Filipo yule yule wa saini, mdogo wa marehemu mumewe, aliyedai shamba lisilo na mrithi wa kiume hurudi kwa ukoo.

"Kesho nitasema mbele ya mchungaji," Mama Adela aliniambia. "Nikinyamaza, msimu ujao nitakuwa kibarua kwenye migomba niliyoipanda mwenyewe."

Tuliporudi tulimkuta Filipo uani akikagua kuku wa semina. Hakuja kusalimia. "Shemeji, kuku ni wanne. Firigisi nizione nne mezani, tatu za wanenaji na moja ya mchungaji. Safari iliyopita moja ilipotea."

Firigisi, kwao Wahangaza na kwetu Wasukuma, ni ya mwanamume. Mwanamke huipasua, huiosha, huipika, kisha huambulia harufu. Tumebatizwa, tumepata kipaimara, tumeimba kwamba katika Kristo sote tu wamoja, lakini firigisi haijaokoka.

Jumamosi saa tatu tulikaa kwenye mabenchi. Mnenaji wa kwanza alisema mwanamke ni ua. Wa pili akasema ni nguzo ya nyumba. Wa tatu, aliyevaa tai nyekundu, akasema ni taji la mumewe. Hadi saa saba tulikuwa ua, nguzo na taji. Watu hatukuwa bado. Mama Adela alinyoosha mkono mara mbili, na mara mbili Filipo, mtunza muda, akatazama saa yake na kusema muda hauruhusu.

Kisha mchungaji akasimama aombee chakula. Filipo akachungulia nje. Hapakuwa na moshi.

"Chakula kiko wapi?" akauliza.

"Kuku bado wamo kwenye ndoo, shemeji," alisema Mama Adela. "Barua yako ilitaka kila mwanamke awepo mwanzo hadi mwisho. Tumetii."

"Basi nendeni mkapike," mchungaji akasema kwa upole wa mtu mwenye njaa.

"Mwisho haujafika, mchungaji. Nina neno." Akalisema lote, miti na mashimo yake, bila kupandisha sauti.

Mchungaji akamgeukia Filipo. "Ni kweli?"

"Ni mila," Filipo akajibu.

Wanenaji walioturemba asubuhi nzima wakatazama viatu vyao. Bibi mmoja nyuma akasema, "Hata firigisi ni mila, na leo hazijaiva."

Hakuna mwanamke aliyeinuka. Mchungaji akameza mate, akavua koti, akamwambia Filipo akairudishe miti. Tukaenda sote shambani, na Filipo akairudisha miti shimo kwa shimo mbele ya kanisa zima, jasho likimtoka ndani ya suti. Injili iliyohubiriwa kwa saa nne haikumsogeza mtu. Njaa ya nusu saa ilimpa mchungaji ujasiri. Niliona aibu kwa ajili yake, na nilifurahi kupita kiasi. Ndipo moto ukawashwa.

Jumapili, wakati wa kuagana, Mama Adela alinipa kifurushi cha jani la mgomba. "Shemeji amelalamika tena," akasema. "Moja imepotea."

Nilikifungua Kasulo nikisubiri gari. Nilitafuna muda mrefu. Nyakahura wenzangu waliniuliza nimejifunza nini huko kwenye thamani, nikawaambia ukweli: firigisi ni kinyama kigumu, cha kawaida kabisa, na haina ladha yoyote ambayo mwanamke hawezi kuimudu.