Kadi Thelathini na Nane za Mselem Zahoro

Watu wa Kombani wakikwambia Mselem Zahoro alikuwa mtu mbaya, usiwasikilize. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyeingiwa na kijicho utu uzimani, na kijicho cha utu uzimani, Mungu akuepushe nacho, ni kama upele wa mgongoni: huuoni, huufikii, na kila ukijikuna unazidi.

Alizaliwa Msambweni, akatiwa chuoni kusoma Kurani akiwa na miaka mitano, na kabla hajabaleghe alikuwa ameshahifadhi juzuu kumi na tano. Shule ya serikali aliishia darasa la sita, baba yake alipofariki. Kwa hiyo alipokwenda kuomba kazi katika chuo cha walimu kule juu, njia ya kwendea Matuga, alipewa fagio. Maktaba ya chuo wakati huo ilikuwa kabati moja, na kulipangusa kulikuwa kazi yake. Mselem alikipangusa kitabu, akakifungua, akakisoma, akakirudisha. Miaka ikapita, kabati likawa chumba, fagio akapewa mwengine, Mselem akapewa ufunguo. Vitabu elfu mbili na mia tatu vilikuwamo, na kila kimoja alijua kiko wapi, kina nini, ukurasa wa ngapi. Hakuandika orodha yoyote. Aandike kwa nini? Mtu aliyehifadhi juzuu kumi na tano atashindwa na vitabu vya Wazungu?

Alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi, darasa la mwisho likishatoka, walimu walipita kwake mmoja mmoja wakamwambia wiki ijayo watafundisha nini. Jumatatu asubuhi kila mwalimu alikuta fungu lake la vitabu mezani, na ndani mna vikaratasi vimechomekwa mahali panapohusika. Kwenye kila kikaratasi Mselem aliandika maneno machache kwa penseli: hapa pana picha nzuri, hapa ameeleza vibaya, tazama kile chekundu. Mwalimu Tembo, wa jiografia, alikuwa akisema mbele za watu, "Mimi bila Bwana Mselem ni debe tupu." Basi Mselem akisikia hayo, siku hiyo hata wali mkavu ulikuwa mtamu kwake.

Sasa tazama dunia. Uhuru ukaja, Mzungu mkuu wa chuo akafunga virago, akaja Bwana Kaingu. Mwaka wa pili wa uhuru, mwezi wa Januari, Bwana Kaingu akaingia maktaba na msichana mwembamba mwenye miwani, Kache binti Kavumbi, aliyetoka Kampala kusomea kazi hiyo hiyo ya maktaba miaka miwili mizima.

"Bwana Mselem," akasema Bwana Kaingu, "huyu Bi Kache ndiye mkuu wa maktaba kuanzia leo. Wewe utamsaidia."

Utamsaidia! Miaka kumi na mitatu, halafu utamsaidia!

"Shikamoo, mzee," akasema Kache, na magoti akayakunja kidogo, kwani alikuwa na adabu zake.

"Marahaba," akajibu Mselem.

Msichana alikuja na kabati dogo lenye droo ishirini, na ndani ya droo kadi. Kila kitabu kadi yake, jina la kitabu na la mtungaji limepigwa kwa taipu, na nambari ya rafu. Wiki ya kwanza tu alianza kuvitoa vitabu kimoja kimoja, akivipanga upya kwa nambari. Na kila alipokitoa kitabu alivichomoa vile vikaratasi vya Mselem, akavitia kwenye bahasha. "Vinaleta wadudu, mzee," akasema. "Karatasi zimeoza."

Mselem aliiona bahasha ya kwanza ikijaa, ya pili ikijaa, ya tatu. Kazi ya miaka kumi na mitatu hiyo. Hakuuliza bahasha zinakwenda wapi. Mtu mzima amuulize mtoto? Alijijibu mwenyewe moyoni kwamba zinakwenda jaani, na jibu hilo likamtosha. Huo ndio ujinga wake, na hayo mengine yote yalitoka humo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Walimu wakampenda Kache. Aliwaendea hata madarasani, akakaa nyuma akisikiliza, akitoka anajua mwalimu kakwama wapi. Akawafundisha kutumia kadi. Na Alhamisi moja Mselem alikaa kwenye kiti chake akingoja, akamsikia Mwalimu Tembo pale kwenye droo akicheka, "Alaa! Leo nimekipata mwenyewe, bila kumsumbua mtu!"

Bila kumsumbua mtu. Nani alikwambia anasumbuka, wewe Tembo? Nani alilalamika? Huyu mtu miaka yote hiyo alikuwa akingoja hiyo Alhamisi asumbuliwe! Mselem akarudi kwake Kombani amefura kama andazi, chakula kikapoa mbele yake.

"Una nini?" mkewe, Mwanafatuma, akamuuliza.

"Sina kitu."

"Huna kitu, na mdomo umeuvuta mpaka Shimoni?"

Angesema nini? Kwamba anamwonea wivu mtoto wa watu, umri wa binti yake wa mwisho? Haya nazo zilikuwepo. Lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko haya.

Siku ya kuanza, alianza hivi. Kache alikuwa amekwenda kula. Mselem akaenda kwenye kabati, akavuta droo, akaitafuta kadi ya kitabu cha udongo ambacho Mwalimu Tembo alikipenda kuliko vyote, akasoma jina juu yake ahakikishe ndiyo, akaitia mfuko wa kanzu. Moyo ulimdunda kama mwizi wa kuku, na kweli alikuwa mwizi. Alasiri Tembo akaja. Akafunua kadi mara mbili, mara tatu. Kache naye akafunua.

"Mwalimu, nadhani hatunacho," akasema Kache.

Mselem akakohoa kule pembeni. "Kipo. Rafu ya nne, cha saba kutoka mkono wa kushoto. Udongo mwekundu uko ukurasa wa sitini na tatu."

Tembo akaenda, akakikuta. "Lo! Mselem ni Mselem!" akasema, akampiga begani.

Basi hapo ndipo alipopotea. Maana utamu ule aliuonja, akautaka tena. Jioni alikula sahani mbili, Mwanafatuma akamtazama tu. Ile kadi akaitia kwenye mkebe wa biskuti, mkebe akaupandisha juu ya kabati la nguo. Wiki iliyofuata akachukua mbili. Halafu tatu. Hakuchukua ovyo: alichukua kadi za vitabu ambavyo walimu huvitaka zaidi, kwani heshima hupatikana huko. Walimu wakaanza kurudi kwenye kiti chake. "Tumuulize mzee kwanza, zile kadi haziaminiki," wakawa wanasema. Na Mselem akilisikia hilo huinama, ajifanye anafunga kiatu, wasimwone anavyocheka.

Kache alikonda. Siku moja akamwendea. "Mzee, kadi zinapotea. Hukuziona popote?"

"Panya," akasema Mselem.

"Panya wanachagua kadi za vitabu wanavyovitaka walimu tu, mzee?"

"Panya wa huku wamesoma, bibie. Hata Kampala hawakufika."

Msichana akalimeza. Halafu akasema kwa upole, "Mzee, kuna kitu kwenye hizi kadi nataka nikuonyeshe. Nilitaka nimalize kwanza, lakini..."

"Unionyeshe nini, mimi? Mimi nilikuwa humu wewe bado wanyonya!"

Akampa mgongo. Naye Kache hakurudia, kwani mtu mzima akishakupa mgongo, ukiwa mtoto aliyelelewa humzunguki.

Ikaja habari kubwa. Maktaba ya chuo kikuu, kule bara, ilikuwa ikitafuta chuo kimoja cha walimu pwani hii ikisaidie. Kila muhula wangeleta sanduku la vitabu vipya kwa ajili ya walimu, na mwalimu yeyote akitaka kitabu chochote, angeandika barua akaletewa. Walimu walishikwa na wazimu wa furaha. Tembo alikuwa akijisomea shahada kwa posta, na kwa kukosa vitabu alishafeli mara moja. Kwake sanduku lile lilikuwa riziki. Bwana mmoja, Bwana Shutu, angekuja mwezi wa Agosti kuitazama maktaba yetu, na akiridhika, tunalo.

Sasa ungedhani Mselem angerudisha zile kadi. Alifikiria. Usiku mmoja aliushusha mkebe, akaushika, akauweka tena. Alijiambia: siku ya mgeni ndiyo siku yangu. Huyo bwana akiona kadi hazifai, na mimi nafaa, atajua mwenye maktaba ni nani.

Agosti ikafika na Bwana Shutu wake, mtu wa makamo, suti ya kijivu, maneno machache. Walimu wote walikuwepo, na Bwana Kaingu mbele. Kache alikuwa amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Nitajieni vitabu vitatu mnavyovitumia sana," Bwana Shutu akawaambia walimu.

Wakavitaja. Sasa nyinyi mnajua vilikuwa vipi.

Bwana Shutu akavuta droo. Hakuna. Akavuta ya pili. Hakuna. Ya tatu, hakuna.

"Rafu ya nne, cha saba," akaita Mselem, hata hajaulizwa. "Rafu ya kwanza, chini, jalada la kijani. Na cha tatu kiko nyuma ya mlango, ukurasa wake ni mia na kumi na mbili!"

Tembo akakimbia, akavileta vyote vitatu. Walimu wakapiga makofi. Wallahi, Mselem hakuwahi kusimama wima kama siku ile.

Bwana Shutu naye alitabasamu. "Hongera, mzee. Kichwa chako ni hazina." Akaandika kitu. "Na ukiugua?"

"Sijaugua miaka mingi, alhamdulillahi."

"Na siku usipokuwepo?"

Mselem akavigeukia vitabu vyake.

Bwana Shutu akamgeukia Bwana Kaingu. "Vitabu vyetu hatuwezi kuviweka mahali pasipo orodha. Vikipotea tutajuaje? Nasikitika. Sanduku litakwenda kwengine." Akaufunga mkoba wake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaondoka.

Lawama zote alibebeshwa Kache. Bwana Kaingu alimfokea mbele ya watu, miezi minane ya kazi na droo zina mapengo! Kache hakumtaja mtu. Alimtazama Mselem mara moja tu, kisha akatazama chini. Muhula ulipofungwa akapewa uhamisho. Asubuhi ya kuondoka alikuja na ufunguo, akautoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Vikaratasi vyako vyote vimo," akasema Kache.

Mselem akadhani anakejeliwa. Akatazama dirishani mpaka aliposikia viatu vyake vimefika barabarani.

Basi akabaki na ufunguo wake na kiti chake. Muhula ulipofunguliwa, Alhamisi ya kwanza, alikuja na mkebe wa biskuti kwapani. Sasa yeye ndiye mkuu, na mkuu hataki droo zenye mapengo. Akaketi, akaufungua, akaanza kuzirudisha kadi moja moja. Ya tano ikamteleza, ikaanguka chini kifudifudi. Akainama aiokote, akaona nyuma yake pameandikwa kwa penseli, hati ndogo ya kike:

"Mito: ukurasa wa 112. Picha nzuri. Lakini mafuriko ameyaeleza vibaya, tazama kile chekundu, rafu ya pili. Maelezo ya Mzee Mselem Zahoro."

Akaisoma tena. Akaipindua ya sita. "Maelezo ya Mzee Mselem Zahoro." Ya saba. Ya nane. Akazimwaga zote mezani akazipindua, kadi thelathini na nane, na hakuna hata moja isiyokuwa na jina lake. Akaliendea lile kabati, akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila kitabu alichowahi kukichomekea kikaratasi, maneno yake yalikuwamo nyuma ya kadi, neno kwa neno, mpaka makosa yake. Kitu alichotaka Kache kumwonyesha ndicho hicho. Angevuta Bwana Shutu kadi moja kati ya zile tatu akaipindua, angesoma jina la nani? Hebu niambieni, jina la nani?

"Mwanangu," akasema Mselem peke yake mle ndani. "Mwanangu, mbona hukunilazimisha?"

Alikuwa bado amesimama, machozi yakimlowesha ndevu, Mwalimu Tembo alipoingia kumweleza masomo ya wiki ijayo.

"Bwana Mselem, kulikoni?" Tembo akaiokota kadi moja pale mezani, ile ya kitabu cha udongo. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Akatabasamu. "Ala! Kumbe yule binti alikuwa akikuandika? Hili ni jambo jema sana." Kisha tabasamu likaanza kumtoka polepole. Akautazama mkebe. "Bwana Mselem. Hii kadi siku ile ya mgeni ilikuwa wapi?"

Angeweza kusema panya. Neno lilimfika ulimini.

"Kwangu," akasema. "Nyumbani, juu ya kabati."

Tembo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliiweka kadi mezani, taratibu, upande wenye jina la Mselem juu, akatoka bila kuchukua kitabu.

Mselem alizirudisha zote thelathini na nane, kila moja mahali pake. Alhamisi iliyofuata alikaa kwenye kiti chake akingoja mpaka saa kumi na moja jioni. Mwalimu Tembo hakuja, wala mwengine hakuja.