Glovu Kwenye Kitasa

Katika miaka ishirini na sita ya kutunza majengo mtaani kwake katika mji wa Kajaani, Aune Rautiola alikuwa ametundika glovu nyingi kuliko mikono aliyowahi kushikana nayo. Kila majira ya baridi alizoa theluji kwa sepetu na kumwaga changarawe juu ya barafu ili wapita njia wasiteleze, na glovu yoyote aliyoiokota aliivisha kwenye ncha ya nguzo ya uzio, ikasimama kama mkono unaopunga. Mwenyewe akirudi angeiona. Hakuna ambaye angelazimika kushukuru, wala kushukuriwa. Aune, mwanamke wa maneno machache aliyelelewa katika nyumba ya maneno machache zaidi, aliamini kwamba huo ndio wema ulio safi kuliko wote.

Msimu wake wa mwisho kazini ulikuwa na glovu moja iliyojirudia: ya sufu, rangi ya kahawia, yenye mstari mwekundu. Ilikuwa ya mzee Tauno Heiskari, mgane aliyehamia ghorofa ya tatu mwezi wa Septemba. Mara mbili au tatu kwa wiki ilianguka njiani karibu na banda la taka, na mara mbili au tatu kwa wiki Aune aliitundika.

“Aune, mchumba wako kaangusha tena,” Reijo, dereva wa trekta la theluji, alimwambia kutoka dirishani.

“Mkono wake unavuja tu.”

“Hauvuji huo. Unakutafuta wewe.”

Aune alimwambia atazame trekta lake, lisije likagonga sanduku la changarawe kama mwaka jana.

Asubuhi moja ya Januari Aune aliiokota mzee akiwa hatua kumi tu mbele yake, akitembea polepole kuliko barafu ilivyomlazimu. Jina lake alilijua, kwani lilikuwa kwenye ubao wa wakazi pale chini. Alifumbua kinywa. Lakini kumwita kwa nyuma mtu ambaye hamjawahi kusalimiana, na kumgeuza mbele ya madirisha ya familia arobaini, lilikuwa jambo lisilowezekana. Aliivisha glovu kwenye nguzo, akainama nyuma ya sanduku la changarawe kana kwamba anakaza bawaba. Mzee alifika kwenye kona, akageuka, akarudi. Aliitazama glovu, kisha akalitazama sanduku kwa muda mrefu. Aliivaa polepole sana, akaenda zake.

Mwezi wa Februari, Jumatatu moja, Aune aliikuta glovu kwenye mlango wa ngazi, mzee akiwa ameshaingia ndani. Aliitundika kama kawaida. Jumanne ilikuwa bado pale, imeota umande ulioganda. Jumatano mchana aliichukua, akapanda nayo hadi ghorofa ya tatu, jambo ambalo kwake lilikuwa karibu na utovu wa haya. Ndani redio ilikuwa ikisema. Aliinua kidole hadi kwenye kengele. Akafikiri kwamba anayesikiliza redio ni mtu aliyepumzika, na aliyepumzika haamshwi kwa sababu ya kipande cha sufu. Aliitundika glovu kwenye kitasa, akashuka kwa ncha za vidole asifanye kelele.

Alhamisi gari la wagonjwa lilikuja. Mzee alikuwa ameanguka jikoni tangu Jumatatu alasiri, akavunjika nyonga. Aliishi siku kumi na moja hospitalini, kisha akafariki.

Mwezi wa Machi mpwa wake, Maarit, alikuja kutoka mji wa Oulu kuhamisha vyombo. Alimkuta Aune uani, akasimama mbali naye kidogo, kama watu wa huko wasimamavyo, akauliza kama yeye ndiye mama wa changarawe. Akamweleza kwamba mjomba alikuwa akimtaja kwenye simu kila Jumapili, kama mtu anayetoa matokeo ya mpira: ameiangusha, mama ameitundika; ameiangusha tena, mama ametundika tena. Alikuwa akiiangusha makusudi.

“Alisema siku moja utamwita tu,” Maarit alisema. “Naye atakukaribisha kahawa.”

Aune aliegemea sepetu.

“Ile Jumatano, alinieleza hospitalini, alisikia hatua zikipanda, zikasimama mlangoni. Alijaribu kuita, sauti haikutoka. Kisha akazisikia zikishuka. Polepole, alisema, kama za mtu anayempita mtoto aliyelala.”

“Sikutaka kumsumbua,” alisema Aune.

Alingoja kukemewa. Alitaka kukemewa. Maneno yale yanasemwa kila siku katika mji ule, nayo huitwa heshima. Watu wazima hungoja nyuma ya milango yao, jicho kwenye kitundu, mpaka jirani amalize kupita ngazini, kisha hutoka wakijipongeza kwa adabu zao. Hakuna anayeuliza ni nani anayefaidika na heshima hiyo.

Maarit hakumkemea. Alitazama juu, kwenye dirisha lisilo na pazia tena.

“Jumapili kabla hajaanguka mimi sikupiga simu,” alisema. “Nilijua ana mafua. Nami sikutaka kumsumbua.”

Alitoa ile glovu kwenye mfuko wa koti. Mkono wake ulianza kuelekea kwenye uzio, kwa mazoea ya watu wa huko, kisha ukasita katikati na kumgeukia Aune. Aune alivua glovu yake ya kazi kwanza, akaipokea kwa mkono mtupu. Hakuwahi kumuuliza mtu asiyemjua habari za mtu mwingine.

“Alikuwa anapenda kahawa ya namna gani?” aliuliza hatimaye. “Nzito au nyepesi?”



“Sijui,” alisema Maarit. “Sijawahi kumuuliza.”